Himaya ya Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa. Si kwa neno hilo. Shemeji hana kifua cha neno hilo. Amengoja nimejaza mkate mdomoni, ndipo akasema kwa sauti ya asali kwamba chumba cha nyuma "kitahitajika" ifikapo Jumapili. Kitahitajika! Na nani? Akatazama dari. Dada yangu, mkewe, akatazama chai yake kana kwamba kuna mtu anazama humo. Nikaumeza mkate mzimamzima, na jibu nikalijua kabla haujafika tumboni.

Msumari!

Huyu ni fundi mpya wa makochi katika karakana ya Shemeji. Anaitwa hivyo kwa sababu hufanya kazi mdomo umejaa misumari. Huitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigongelea bila hata kuangalia. Wateja husimama kumtazama kama sinema. Mimi nimezeekea katika karakana ile, na hakuna aliyewahi kusimama kunitazama isipokuwa anayedai kochi lake. Leo chumba changu, chenye dirisha, chenye ufunguo, mahali pekee duniani ambapo mtu haingii bila kubisha hodi, apewe yeye! Eti katoka mbali. Mimi nimetoka karibu, ndilo kosa langu.

Nimekasirika mpaka nimekunja shuka. Mimi sikunji shuka.

Jioni nikafungua kamusi yangu. Niliiokota chini ya kochi la mteja mmoja, imewekwa badala ya mguu uliovunjika. Haina jalada. Inaanzia D na kuishia M, lakini ndani ya mipaka hiyo hakuna wa kunishinda mtaa huu. Wenye wivu wananiita Kamusi. Sijakataa.

Nilitafuta neno la kunisimamia. Nikaanza na kinga. Neno la kwetu, la asili, safi kabisa, ila limechoshwa na vibarua: mtu hukinga mvua kwa gazeti, hukinga ndoo chini ya paa linalovuja, mtoto hupewa kinga ya surua. Siwezi kusimama mbele ya watu wazima nikaomba kitu kimoja na mtoto wa surua. Hifadhi nalo limetoka Kiarabu, limevaa vizuri, lakini siku hizi ukilitaja watu wanawaza twiga. Ngao sina, N haikunifikia. Ulinzi vivyo hivyo.

Ndipo nikaliona. Himaya!

Kiarabu pia. Ndugu yake kitenzi hami, yaani kumtetea mtu asiguswe. Na mfano uliowekwa haukuwa wa ndoo wala surua. Ulikuwa wa mataifa! Taifa dogo likaomba himaya ya taifa kubwa. Nikalitamka mbele ya kioo. Linajaza mdomo. Ukisema himaya, kifua kinatoka mbele chenyewe.

Sikuendelea kusoma. Nilishapata nilichokitaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipata taifa kubwa. Linakaa sebuleni.

Bi Mkubwa, mama yake Shemeji. Nyumba ni yake. Kiwanja ni chake. Hata karakana imesimama kwenye ua wake. Huko barabarani Shemeji ni bosi, anatembea kama aliyebeba tikiti maji kila kwapa, lakini mama yake akikohoa tu ndani, bosi anachomekea shati.

Tena ni mtu wa kulinda, nimemchunguza. Kochi lake kubwa la sebuleni halijavuliwa plastiki tangu liliponunuliwa. Linalindwa dhidi ya vumbi, na jua, na paka, na binadamu. Ukilikalia siku ya joto, unainuka kwa mlio wa kitu kinachochanika, na mara nyingi kinachochanika ni wewe. Mtu mwenye moyo huo kwa kochi, je, kwa kiumbe cha Mungu?

Mchana nimelijaribu neno karakanani. Nimemwambia mama mmoja, mteja, kwamba kochi lake litakuwa chini ya himaya yangu mpaka siku ya kulichukua. Akauliza, kwa hiyo litaisha upesi? Msumari, kwa pembe ya mdomo isiyokuwa na misumari, akauliza hiyo himaya ni aina gani ya kitambaa, na je, haichuji? Watu wakacheka. Shemeji akacheka zaidi ya wote, akiwa ameegemea sponji, akazama nayo.

Kwa hasira nikakikata kitambaa cha yule mama kikaenda kushoto. Huwa kinakwenda kushoto. Si mkono wangu, ni mkasi. Nimeshabadilisha mikasi na yote imepinda. Viwanda vya siku hizi!

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba. Nimepewa!

Nilingoja chakula cha jioni, wote wapo, na Msumari naye kaalikwa (ameshaanza kualikwa!). Nikasimama. Dada akauliza kama nimepaliwa. Nikasema: Bi Mkubwa, mbele ya hadhara hii, naomba himaya yako.

Kijiko cha Shemeji kikasimama njiani.

Bi Mkubwa akauliza hiyo ni dawa au ni kitu cha kuvaa. Nikafafanua. Nikatoa asili yake, nikatoa maana, nikatoa mataifa. Kamusi iliishia hapo. Mimi sikuishia hapo. Nikaongeza kwamba malkia wa zamani walipimwa ukubwa kwa watu waliokuwa chini ya himaya zao, na kwamba malkia aliyemnyima mtu himaya alivimba miguu. Hilo la miguu nililitunga palepale, kati ya pumzi na pumzi. Bi Mkubwa akaitazama miguu yake.

Hapo Shemeji akakosea. Akacheka kidogo, akamwambia mama yake asikubali kuzugwa, huyu anaokota maneno chini ya makochi. Kuzugwa! Umwambie mwanamke yule kwamba anazugwa! Bi Mkubwa akamgeukia polepole. Akataka kujua ni nani aliyempa ruhusa ya kugawa vyumba katika nyumba ambayo hakuweka hata tofali. Akataka kujua kama anamwona yeye mama yake ni wa kuzugwa na nani, na tangu lini. Shemeji akatafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni.

Kisha nikanyoshewa kijiko. "Huyu kuanzia leo yuko kwenye himaya yangu. Atakayemgusa, kanigusa mimi. Na mimi siguswi, mnanijua." Halafu akaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kama amelisema sawasawa. Nikamwambia hata hao malkia hawakulisema hivyo.

Msumari akajiongezea mchuzi. Alikuwa hana msumari hata mmoja mdomoni, nafasi ilikuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Raha!

Shemeji kanisalimia kwanza. Nimechelewa karakanani na hakuna aliyetazama saa. Msumari analala karakanani kwenye kochi la mteja, lile lenye springi iliyotoka nje upande mmoja. Asubuhi anatembea kama namba saba. Nikampa pole. Nikampa tena baadaye, mbele ya wateja.

Chumba changu kimekuwa kizuri zaidi. Sijui kwa nini. Nimefungua dirisha na kulifunga bila sababu, kwa sababu ni langu.

Jumamosi, 8 Machi

Bi Mkubwa kaingia chumbani kwangu alfajiri bila hodi. Nimeruka nikadhani nyumba inaungua.

Anasema hakupata usingizi. Alilala akinifikiria kule nyuma, peke yangu, na dirisha lile. Mtu anaweza kunigusa na yeye asijue. Kitu kiwe kwenye himaya yake halafu kiguswe, watu watasemaje? "Mwanangu, huwezi kulinda usichokiona." Akanyanyua mto wangu akaondoka nao. Nikaufuata mto.

Sasa nalala sebuleni. Godoro langu limewekwa kati ya ukuta na kochi la plastiki. Nikigeuka, plastiki inalia. Inapolia, Bi Mkubwa anauliza kutoka chumbani kwake nani huyo. Nasema ni mimi. Anasema lala.

Nilijaribu kumweleza, kwa adabu zote, kwamba kitu hasa nilichotaka kilindwe ni chumba. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa anayejipangia dawa. Akasema: "Chumba hakikuomba himaya. Aliyeomba ni wewe."

Jumapili, 9 Machi

MSUMARI KAINGIA CHUMBANI KWANGU.

Kwa ruhusa ya nani? Ya Bi Mkubwa! Eti chumba kitupu huzaa panya. Eti yule kijana mgongo umemwinama, ni dhambi. Kijana! Ana upara!

Nimemsikia kupitia ukutani akifungua dirisha langu. Kalifungua mara moja tu, kama mtu mwenye akili, akaliacha wazi. Limemkubali. Nimeuma shuka.

Dada kaja kunipa pole, akakaa pembeni ya godoro. Akaniuliza kwa nini sikumwambia yeye tu, angezungumza na mumewe kistaarabu, wangepata njia. Nikamwambia wanawake hawaelewi siasa. Akaniambia mbona siasa yenyewe niliipeleka kwa mwanamke. Hana heshima, dada yangu. Kalelewa vibaya. Ndiye aliyenilea.

Jumatatu, 10 Machi

Nafahamishwa kwamba sukari ni adui. Chai yangu haina sukari tena. Nafahamishwa kwamba jua likizama, aliye himayani naye azame ndani. Nafahamishwa kwamba fulana yangu ya bluu inanivutia baridi. Imeondolewa. Sijui iko wapi.

Na leo kaja karakanani! Kabeba kigoda chake mwenyewe, kakaa mlangoni, anatazama kazi. Nimeshika nyundo: weka chini, utajigonga. Nimeshika gundi: harufu hiyo itakutoboa kifua. Nimeshika mkasi: akasimama. Wote tukasimama. Nikauweka mkasi. Jamani, fundi wa makochi asiyeshika nyundo wala gundi wala mkasi anabaki na nini? Nimekaa siku nzima nikiminya sponji ili kuona kama zina ulaini. Zina. Mteja mmoja kamnong'oneza Shemeji kama nimepata ajali. Shemeji akasema, ndiyo, ya maneno. Na kila nilipokata jana na juzi Bi Mkubwa alipaona, akauliza hiki nani kakikata, na kila mara mkono wa Shemeji ukanielekea mimi. Msumari akajifanya hasikii. Hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Lakini linalonichoma zaidi ni neno lenyewe. Limetoka! Bi Mkubwa kalipenda, kalibeba kila mahali kama mkoba mpya. Birika lake liko kwenye himaya yake. Rimoti iko kwenye himaya yake. Paka kafukuzwa himayani kwa sababu ya maziwa, akaombewa msamaha na Dada, akarudishwa. Kutoka kwake limekwenda kwa jirani, kutoka kwa jirani likaenda dukani. Mwenye duka kabandika karatasi kwenye friji: VINYWAJI HIVI VIKO CHINI YA HIMAYA, USIFUNGUE BILA RUHUSA. Na watoto wa mtaa, wakifukuzana, wana nguzo moja ya umeme, ukiigusa unapiga kelele "himaya!" na hakuna anayeruhusiwa kukukamata.

Hao watoto ndio pekee waliolielewa sawasawa. Nimesimama nikawatazama kwa uchungu. Mimi ndiye niliyelileta mtaani, na mtaa mzima limeulinda isipokuwa mimi.

Niliigusa ile nguzo nikiwa napita. Kimyakimya. Halikutokea lolote.

Jumatano, 12 Machi

Nimejiuzulu himaya. Imekataliwa.

Kwanza nilirudi kwenye kamusi, nikasoma pale nilipoachia siku ile. Yaani ningeongeza mstari mmoja tu! Ulikuwepo, chini yake, kwa herufi zilezile: himaya pia ni eneo linalotawaliwa na dola nyingine. Taifa dogo linaomba lisiguswe. Taifa kubwa linasema sawa, kisha linaingia na bendera, na sufuria zake, na kigoda chake, linakaa mlangoni. Kumbe ni kitu kimoja! Ukikubali mtu akusimamie mbele, huyohuyo amekusimamia na nyuma. Kwa nini hawakuanza na huo mstari wa pili? Wanaotunga kamusi wamekaa tu, wanatega watu.

Nikatafuta uhuru. Kamusi yangu inaishia M. Nikairusha. Ikapiga kochi la plastiki, ikadunda, ikanirudia kwenye goti.

Basi nikaenda kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamshukuru Bi Mkubwa kwa yote, nikamwambia hatari imepita, sasa anaweza kuniachia. Akaacha kuchambua mboga. Akauliza himaya huwa inakwisha vipi. Nikasema inakwisha pale aliye chini yake anapotaka. Akasema, ajabu, yeye kamwuliza mwanawe, na mwanawe katazama kwenye simu, na humo imeandikwa kwamba mara nyingi ilikuwa inakwisha pale yule mkubwa anapochoka.

Shemeji! Siku zote alikuwa hajui hata simu yake inawashwaje, leo anasoma historia!

"Na mimi sijachoka, mwanangu," akasema Bi Mkubwa, akarudi kwenye mboga. "Tangu nianze hii himaya, hata miguu imepungua kuvimba."

Alhamisi, 13 Machi

Mpango. Mpango! Mpango!

Nimewaza nikiwa naminya sponji. Tatizo langu si Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ni mvua, na mvua haina ubaya na mtu. Tatizo ni aliye chumbani. Msumari akitimuliwa, chumba kitakuwa kitupu, panya watakaribia, na Bi Mkubwa mwenyewe atatafuta mtu wa kuwazuia. Nani yuko karibu? Mimi. Nalala kwenye mlango wa sebule kama kandambili.

Sasa, kitu gani kinaweza kumfanya Bi Mkubwa amtimue mtu hata bila kumpa nafasi ya kuvaa viatu? Nimegeuza shingo kuelekea mlango wa sebule, na kilikuwa pale pale ndani, kinang'aa.

Leo Bi Mkubwa alikwenda kliniki na Dada kwa ajili ya miguu. Shemeji na Msumari walikuwa wanapakia makochi ya mteja kwenye gari. Nimechukua mkasi wa Msumari kwenye boksi lake. Nimeingia sebuleni. Nimekata plastiki ya lile kochi kutoka upande hadi upande. Kwa moyo. Nilikuwa sijakata kitu tangu Jumapili na mkono ulikuwa na njaa. Kisha nikauacha mkasi juu ya mto wa kochi, vishikio vikielekea chumba cha nyuma, kama vidole viwili vinavyomshtaki mtu.

Ni mpango mzuri mpaka nasikitika kwamba sina wa kumweleza.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Walichelewa kurudi jana, na Bi Mkubwa kapita moja kwa moja kwenda kulala kwa uchovu, gizani, bila kuwasha taa. Nimelala pembeni ya kochi lile usiku kucha kama mtu aliyelala na simba aliyeshiba. Asubuhi kafungua pazia.

Ukelele ule ulimtoa mwenye duka dukani.

Tumeitwa wote. Bi Mkubwa alinyosha kidole tu. Msumari kauona mkasi wake. Akasema ni wake, hakukataa, akasema ila yeye hajaingia sebule hii bila kuitwa tangu aje. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikasema, taratibu, kwamba hata mimi nisingependa kuamini. Nikasema vyumba vingine hubadilisha watu. Nilikuwa naisema vizuri sana!

Shemeji hakunisikiliza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, anaangalia mkato. Anaangalia kama fundi. Akaweka kidole mwanzo wa mkato akakifuata. Kidole kikaenda sawa kiasi cha kiganja. Halafu kikaanza kwenda kushoto. Kikazidi kwenda kushoto. Kikapanda mkono wa kochi, kikauzunguka, na kilipofika mwisho Shemeji alikuwa ameinama kama mtu anayetafuta pete chini ya kitanda.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Dada akajifunika uso kwa kanga. Msumari akatazama chini, nadhani kwa adabu. Bi Mkubwa alikaa siku zake kwenye kile kigoda mlangoni, hakuhitaji kuambiwa. Akasema njia hii anaijua, ameshaiona kwenye vitambaa vya watu.

Nimeduwaa. Sikutegemea hata kidogo kwamba na mkasi wa Msumari umepinda.

Nikajaribu kulisema hilo. Hawakunipa nafasi. Bi Mkubwa akasimama wima, miguu na yote, akasema maneno mbele ya mashahidi na mwenye duka dirishani: "Himaya yangu naivua. Huyu hapa. Mguseni."

Wote wakanitazama. Hakuna aliyenigusa. Nilisubiri. Hata Shemeji, niliyedhani ameisubiri siku hii kama mshahara, akafuta machozi ya kicheko na kuniambia nikatafute kitu cha kula. Kudharauliwa namna hiyo, na mtu aliyechomekea shati!

Halafu Bi Mkubwa akakaa. Akakaa pale palipochanika, juu ya kitambaa chenyewe, nadhani kwa mara ya kwanza. Akakipapasa kitambaa kwa kiganja, huku na huku. Akaegemea. Kisha akamwambia Msumari aiondoe plastiki yote iliyobaki, na aiondoe kwa mstari ulionyooka.

Nani kalivua kochi lile? Nani kamstarehesha? Asante iko wapi? Hakuna!

Nimetoa godoro langu nikalipeleka karakanani. Sina chumba. Sina sebule. Nina kochi la mteja, na ile springi.

Jumamosi, 15 Machi

Springi ile ina chuki binafsi.

Asubuhi, kabla ya kufungua, Msumari kaja. Mdomo mtupu. Mkononi chai, na nilipoonja, ina sukari! Nikajua ana lake. Akakaa kwenye sponji mbele yangu. Akasema yale ya jana yameisha, hana kinyongo. Kwamba hata yeye alilala kwenye kochi hili na springi hii anaijua kwa jina. Akasema chumba kile ni kikubwa, magodoro mawili yanaenea, dirisha linatosha watu wawili. Dada yangu kakubali. Shemeji kakubali. Hata Bi Mkubwa, alipoulizwa, kasema fanyeni mtakavyo, yeye amekaa.

Nikamtazama kwa makini. Mtu uliyemtega mchana kweupe anakuletea chai? Nikaelewa mara moja. Ananiogopa.

Nikanywa chai polepole, na nikiwa nakunywa nikaona kila kitu. Kosa halikuwa kwenye neno. Neno ni zuri, asili yake nzuri, matumizi yake mtaa mzima umeyathibitisha. Kosa lilikuwa kwa nani wa kumwomba. Nilikwenda kwa mwenye nyumba! Unaombaje himaya kwa taifa kubwa halafu unashangaa limekuwa kubwa? Himaya unaiomba kwa taifa dogo. Mtu asiye na sebule. Mtu mwenye chumba kimoja tu, tena chumba ambacho kilikuwa chako. Huyo atakulinda na hatakuwa na nguvu za kukusumbua.

Nikasimama. Kifua kikatoka mbele chenyewe. Nikasema: Msumari, mbele ya makochi haya, naomba himaya yako.

Akauliza kwa woga kama ni ileile ya Bi Mkubwa. Nikamwambia hii nimeiboresha. Akajikuna upara. Akasema kwamba yeye alikuja tu kuniambia nihamie, hayo mengine hayana haja. Nikakaza. Mwishowe akasema haya, kama itanifurahisha, sawa, ila atakuwa na sharti moja.

Nimekubali.

Akafungua mdomo ili alitaje. Nikamwambia halina haja, sisi watu wazima. Akasema ni vizuri nilisikie kwanza. Nikamwambia mimi nikishakubali nimekubali, nikamtwika godoro upande wa mbele, tukaondoka nalo kuelekea nyumbani.

Mjinga yule! Kapewa himaya nzima, alikuwa na sharti mkononi, na hata kulisema limemshinda.